Tumechoka Kuchangishwa, Hatujachoka Kutoa



Leo tunalisema lile ambalo wanawake wa visiwa hivi wanalinong'ona jikoni, kwenye daladala na kwenye foleni ya boti, kisha wakifika kwenye kundi la simu wanaandika "Inshaallah" na kunyamaza. Tumechoka kuchangishwa.

Hebu tazameni wiki moja tu. Jumatatu kuna mgonjwa anapelekwa Dar, nauli na vipimo. Jumanne chuo cha watoto kinataka mabati. Jumatano harusi ya mtoto wa binamu wa wifi, kila mtu elfu ishirini na sare ya kitambaa juu yake. Alkhamisi pampu ya kisima imeharibika. Ijumaa, siku yenye fadhila zake, meseji tano kwa mpigo, kila moja na aya yake na namba yake ya simu. Jumamosi hitma, na Jumapili zawadi ya mwalimu wa watoto anayehama. Likiingia Ramadhani ndiyo usiseme: futari za mayatima, tende, mazulia, nguo za Iddi, na kufutarisha ofisini kwa mchango wa lazima.

Hakuna hata moja katika hayo lililo baya, na ndiyo maana jambo hili ni gumu kulisema. Ukilalamika unaonekana unalalamikia mgonjwa, yatima na nyumba ya Mwenyezi Mungu. Sisi hatuwalalamikii hao. Tunalalamikia namna tunavyoombwa, wanaotuomba, na kile ambacho uombaji huu umeanza kuifanya sadaka yenyewe.

Tupige hesabu kidogo

Chukua mwanamke aliye kwenye makundi manane: la ukoo wa kwao, la ukoo wa mume, la mtaa, la kazini, la wazazi wa skuli, la chuo cha Kurani, la waliosoma pamoja, na la kikoba. Kila kundi lilete mchango mmoja tu kwa wiki, wa shilingi 5,000 tu. Hiyo ni 40,000 kwa wiki. Kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 2,080,000.

Sasa tuilinganishe na zaka. Zaka ya fedha ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango na kuzungukiwa na mwaka. Ili uwajibikiwe na zaka ya shilingi 2,080,000, unatakiwa uwe umekaa na shilingi 83,200,000 mwaka mzima bila kuzigusa. Nani kati yetu anayeuza vitumbua, anayefundisha darasa la tatu, anayeshona au kusuka kwa mkataba wa siku, ana milioni themanini na tatu zimelala?

Mwenyezi Mungu Mwenyewe, aliyetupa mali, ameweka kiwango. Kama huna chenye thamani ya gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha kilichokaa mwaka, hakukulazimisha zaka hata senti. Lakini kundi la simu halina kiwango wala halingoji mwaka, na mwenye nacho na asiye nacho wanapelekewa namba ileile kwa saa ileile.

Orodha ni fimbo

Linalotuuma zaidi kuliko pesa ni ile orodha. Mnaijua. Moja, jina, elfu kumi, alama ya tiki. Mbili, jina, elfu ishirini, tiki mbili na maua. Tatu, jina, nafasi tupu. Orodha inapandishwa asubuhi, adhuhuri na usiku, na kila ikipanda ile nafasi tupu inazidi kupiga kelele. Halafu admini anaandika kwa upole wa uongo: "Tunawakumbusha wapendwa wetu ambao bado."

Huko si kukumbushana. Dini yetu imewasifu wanaotoa mchana na usiku, kwa siri na kwa dhahiri. Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 271, tumefundishwa kuwa kuificha sadaka na kumpa fakiri ni bora zaidi kwetu. Na tumesikia tangu tuko vyuoni habari ya watu saba watakaokuwa kwenye kivuli cha Mola siku isiyo na kivuli kingine, mmoja wao ni yule anayetoa kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Leo si mkono wa kushoto tu unaojua. Wanajua watu mia mbili na khamsini, na namba ya muamala wanayo.

Kuna wanaosema orodha inaleta uwazi. Uwazi unatakiwa kwa aliyepokea pesa, si kwa aliyetoa. Sisi tunataka kuona zimekwenda wapi, na nyinyi mnatuonyesha zimetoka kwa nani.

Tena orodha inazaa unafiki. Mtu anakopa kwa shoga yake ili jina lake lisibaki tupu. Mwengine anatoa ya gesi, jioni watoto wanakula chai na mkate wa jana, kwa sababu mavyaa yumo kwenye kundi na anasoma majina. Sadaka ikitolewa kwa kuogopa mavyaa, tunauliza kwa adabu, imetolewa kwa ajili ya nani?

Mgonjwa naye ana stara yake

Jambo la pili ni picha. Mama wa watu amelala kitandani, khanga imemteremka, mipira puani, na picha yake inazunguka kutoka Mkokotoni hadi Mkoani, kutoka Muscat hadi London, ikipita kwa wanaume asiowajua. Pengine amekwisha kupona na picha bado inazunguka, au amekwisha kufa na bado anaombewa nauli.

Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote hakutoka mlangoni bila buibui. Nani aliyemuuliza? Kuumwa hakumuondolei mtu heshima yake. Katika aya ya 273 ya sura hiyohiyo ya Baqara wanasifiwa mafakiri wasiong'ang'ania kuomba, ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Hao ndio tulioamrishwa tuwatafute. Lakini kwa mtindo huu wa sasa, asiyekubali kupigwa picha hapati kitu, na mwenye haya zake anakufa na haya zake mlango wa tatu kutoka kwetu, sisi tukiwa tunatuma pesa kwa picha ya mtu tusiyemjua.

Nani amethibitisha?

Yuko sahaba aitwaye Qabisa bin Mukhariq aliyekwenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuomba msaada wa mzigo wa deni alilolibeba kwa ajili ya kupatanisha watu. Akaambiwa angoje sadaka ifike, kisha akafundishwa kuwa kuomba kunafaa kwa watu watatu tu: aliyebeba dhamana kama yake, mpaka ailipe kisha aache, aliyefikwa na msiba ulioteketeza mali yake, mpaka apate cha kujikimu, na aliyefikwa na ufakiri, mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake washuhudie kuwa kweli amefikwa. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim.

Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, kuomba kuna mwisho: mpaka alipe, mpaka apate, kisha aache. La pili, kuna mashahidi, tena ni watu wa karibu wanaomjua. Sasa sisi tunapokea meseji imepitishwa mara nyingi mpaka simu yenyewe imeweka alama, haina jina la mtaa wala tarehe, ina namba ya simu tu na kiapo. Ukiuliza "Huyu ni nani?" unaambiwa "Toa tu, malipo kwa Allah." Malipo kwa Allah ni kweli tupu. Lakini hatukufundishwa kuwa kuuliza ni dhambi. Anayekukataza kuuliza hailindi sadaka yako, anajilinda mwenyewe.

Hesabu iko wapi?

Mchango wa mabati ulifungwa, alhamdulillah, lengo likafika. Je, mabati yamepanda? Yalikuwa mangapi, kwa bei gani, na kilichobaki kiko wapi? Tukiuliza, kundi linakuwa kimya kama makaburini, halafu anatokea mtu anaandika: "Dada zetu, tusiwe na dhana mbaya."

Dhana mbaya haikuja kwa kuuliza. Alipotumwa Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, akarudi akisema hii yenu na hii nimepewa mimi zawadi, Mtume hakunyamaza kwa kuogopa kumvunja moyo. Alipanda juu ya mimbari akalisema mbele ya watu: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi? Ikiwa mkusanyaji wa zama zile aliulizwa, wa kundi la simu ni nani asiulizwe?

Hatusemi kuwa wakusanyaji wote wanakula. Wengi wao wanajitolea, wanapigiwa simu usiku wa manane na wanakatwa tozo kwenye laini zao. Hao ndio wanaostahili hesabu iliyo wazi, maana hesabu ndiyo ngao yao. Asiyeandika amejiweka kwenye midomo ya watu kwa mkono wake mwenyewe.

Harusi si sadaka

Hapa tunawageukia mabibi harusi, na mtusamehe kwa ukali. Kumsaidia anayeoa au kuolewa ni jambo zuri, na wazee wetu walifanya hivyo. Mmoja alileta mchele, mmoja nazi, mmoja mikono yake ya kupikia pilau, na mwengine chumba cha kulaza wageni. Hakuna aliyepangiwa kiwango, na mwenye kuleta mikono hakuwa mdogo kuliko mwenye kuleta mbuzi.

Sasa kuna kamati, kuna kima cha chini, kuna kadi ya mmoja na kadi ya wawili. Kuna sare ya singo, sare ya usiku wa hina na sare ya siku yenyewe. Kuna ukumbi wa taa za rangi, na mpiga picha anayerusha kamera ya angani. Na meseji ya kuomba yote hayo inaanza na Bismillahi na kumalizia na fadhila za sadaka!

Usituite kwenye thawabu kwa ajili ya taa za rangi. Kama unataka sherehe kubwa na unazo, mubarak, tutakuja tupige vigelegele mpaka sauti zikauke. Kama huna, ndoa inatimia kwa walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na karamu ni kwa uwezo. Mama wa watu aliyetoa shilingi 20,000 ya harusi yako ameitoa kwenye mfuko uleule ambao ungemnunulia dawa jirani yake mwenye sukari.

Mtasema tuna choyo

Tunayajua majibu. La kwanza ni kuwa shetani ndiye anayewatisha watu na ufakiri. Kweli, imo katika Baqara aya ya 268. Lakini anayepanga matumizi yake hajatishwa na shetani. Suratul Israa, aya ya 29, imetukataza mambo mawili kwa pamoja: tusiufunge mkono shingoni, wala tusiukunjue wote tukabaki tunalaumiwa na tumefilisika. Mbona mnatusomea nusu ya kwanza tu?

Jibu la pili ni Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeleta mali yake yote, na Umar aliyeleta nusu. Tunawapenda na tunawafuata. Lakini hakuna aliyewaandikia orodha, walileta wenyewe. Na Kaab bin Malik alipotaka kutoa mali yake yote kwa furaha ya toba yake, aliambiwa abakishe sehemu, ni kheri kwake. Saad bin Abi Waqqas alitaka kuusia theluthi mbili, kisha nusu, akarejeshwa kwenye theluthi, na hiyo theluthi akaambiwa ni nyingi, kwa sababu kuwaacha warithi wako wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono. Dini iliyosema hivyo haimtaki mama wa watoto wanne awe muombaji wa kesho kwa sababu ya michango ya leo.

Jibu la tatu ndilo zito: bila ya kuchangishana, wagonjwa wetu watakufa. Hilo tunalikubali na linatuuma. Matibabu ya nje ya kisiwa ni ghali, na wengi hawana bima wala jamaa Ughaibuni. Ndiyo maana tunapiga kelele sasa. Mtu anayeombwa mara thelathini kwa mwezi anaacha kusoma. Anazima sauti ya kundi, anapitisha kidole, na siku dua ya kweli inapofika, mtoto wa kweli mwenye tundu la moyo, meseji yake inazama kati ya sare na mazulia. Anayeumia kwa uchovu wetu ni yule mnyonge ambaye mnadai mnamtetea.

Na watu wa visiwa hivi si wachoyo. Tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander ikielekea Pemba, mamia ya watu wakiwemo wanawake na watoto, hakuna aliyengoja tiki mbili na maua ili kujua la kufanya. Moyo upo, msiuchoshe kwa mambo madogo.

Tufanyeje basi?

Tusiishie kulalama. Haya ndiyo tunayoyaona, na kila mmoja apime kwa hali yake.

Kwanza, ijue zaka yako na uitenganishe na mengine yote. Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, na wanavyuoni wengi hawajaruhusu itumike kujengea msikiti. Mwenye dhahabu za mahari amuulize shekhe anayemuamini, maana dhahabu ya kuvaa na ya kuweka hazina hukumu moja katika madhehebu yetu ya Shafi. Na kwa anayetaka mkono wa taasisi, Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Pili, weka fungu la sadaka kila mwezi, hata likiwa shilingi 3,000. Likimalizika, limemalizika. Kusema "Mwezi huu sina, nakuombeeni kheri" si aibu. Aya ya 28 ya Israa, moja kabla ya ile ya mkono, imetufundisha kuwa tukiwa hatuna cha kutoa tuwaambie maneno laini. Mola ametupa ruhusa na maneno, na wewe unajificha kwa nini?

Tatu, anza karibu. Bibi Maymuna, mke wa Mtume, alimwacha huru kijakazi wake bila kumuuliza mumewe, naye alipopata habari hakumkemea kwa kutoa mali yake. Alimwambia tu kwamba lau angewapa wajomba zake, ujira wake ungekuwa mkubwa zaidi. Mna mafunzo mawili hapo: mali ya mke ni ya mke, na jamaa ndio wa mwanzo. Shangazi yako wa Kizimkazi ambaye paa lake linavuja hana kundi la simu.

Nne, wenye makundi: ondoeni orodha za majina. Andikeni jumla iliyopatikana, jumla iliyotumika na kilichobaki. Pateni watu watatu wenye akili wanaomjua mwenye shida kabla ya kutuma. Msitume picha ya mtu bila ridhaa yake, na mwanamke msimtume kabisa. Wekeni siku ya mwisho ya mchango, na ikifika mfunge.

Tano, turudi kwenye wakfu. Alipopata ardhi Khaybar, Umar alishauriwa azuie asili yake na atoe matunda yake, na baadaye aliyeusimamia wakfu ule alikuwa mwanamke, binti yake Hafsa. Mji Mkongwe una nyumba za wakfu, na wanawake walikuwa miongoni mwa walioziweka. Wanawake ishirini wakiacha kununua sare moja tu kwa mwaka wanaweza kununua minazi, cherehani au jokofu la biashara, na faida yake ikalipa vipimo vya mgonjwa bila meseji hata moja. Kitu kimoja kinachozaa kinatupumzisha sote.

Na wewe bi harusi

Wiki ya kwanza ya ndoa utaingizwa kwenye makundi yote ya ukweni, na kila mtu atakuangalia mkono. Utataka kupendeza. Mahari yako ni yako, Suratun Nisaa aya ya 4 imekupa wewe na haikumpa mwengine. Usiimalize kwa kununua jina jema kwa mawifi. Kaa na mumeo wakati wa fungate, ongeeni wazi: cha nyumba ni hiki, cha wazee wetu wa pande mbili ni hiki, cha sadaka ni hiki. Cha mume usikitoe bila ridhaa yake, na chako usinyang'anywe kwa haya. Mavyaa mwema atakuheshimu zaidi ukimpelekea dawa yake ya presha kwa mkono wako kuliko jina lako likiwa la pili kwenye orodha.

Kutoa ni moyo, wala si utajiri, ndivyo walivyosema wazee. Basi moyo uachiwe utoe, usikamuliwe. Ya Rabb, tujaalie mikono inayotoa kwa ajili Yako, watunze wanaokusanya kwa uaminifu, waponye wagonjwa wetu, na watosheleze wenye shida wasiosema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Na tafadhalini, makala haya msiyapitishe yakiwa na namba ya kuchangia chini yake.